Mlinzi wa Huku na Kule

Umewahi kumwona mtu mzima, mwenye shati lililopigwa pasi, akitema mate ya tumbaku ndani ya chupa ya soda, kisha akaiweka chupa hiyo mezani kwako, kando ya pai uliyoipika kwa mikono yako? Mimi nimemwona. Mate yenyewe yalikuwa ya kahawia, mazito, na vipande vya tumbaku vilielea juu yake. Kila alipocheka, meza ilitikisika na mate yakacheza mle chupani. Mtu huyo ni Kocha Hessler, aliyekuwa akiwafundisha walinzi wa timu ya mpira ya chuo, na alikuja nyumbani kwangu hapa Harlow Bend kumtaka mjukuu wangu Cordell akawachezee.

Huku kwetu Alabama kocha hampati kijana bila kupita kwenye meza ya bibi yake. Wote wanalijua hilo, kwa hiyo huja na njaa ya makusudi. Nilikuwa nimemkaangia kuku, nikapika mboga za majani kwa shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, nikatoa mkate wa mahindi na chai ya barafu yenye sukari ya kutosha. Alikula mpaka mifupa akaifyonza. Alipomaliza akafuta vidole kwenye kitambaa cha meza, kile alichokifuma marehemu mama yangu, na leso ya karatasi ilikuwa palepale karibu na kiwiko chake, haijaguswa.

Hayo ningeyameza. Lakini alipokuwa akizungumza aliuweka mkono wake juu ya paja la Cordell akawa analiminya, kama mtu anayetaka kununua nyumbu mnadani.

"Hapa pana nafasi ya ratili ishirini zaidi," akaniambia. Aliniambia mimi, si mwenye paja.

Cordell wakati huo alikuwa bado shule ya sekondari, mrefu, mwembamba, mpole wa kupindukia. Nimemlea mimi, kwa sababu mama yake, binti yangu Renita, ni dereva wa malori ya safari ndefu na hurudi nyumbani barabara ikimruhusu. Cordell alinyoosha mkono achukue kipande cha pai ya pichi. Kocha akaisogeza sahani upande wake, akacheka, akasema kuanzia leo vyakula vya huyu vitapangwa na watu wa chuo, kisha akaimaliza pai ile peke yake. Mkono wa pili ulibaki pajani. Cordell akainamisha macho kwenye sahani yake.

Ahadi aliyotupa kocha ilikuwa moja. Cordell angecheza nyuma kabisa, mahali alipocheza tangu utotoni.

Niseme kidogo kuhusu hapo nyuma. Katika mpira wetu huu wa helmeti na mabega ya plastiki, walinzi husimama kwa safu. Mbele kuna majitu mapana yanayosukumana vifua. Katikati kuna wenye nguvu na hasira, kazi yao kumwangusha anayekimbia na mpira. Nyuma kabisa kuna wepesi, wanaowafuata wadakaji ili mpira wa kurushwa usiwapite. Aliye nyuma kuliko wote huona uwanja mzima kama mtu aliyekaa barazani kwake. Cordell alipapenda hapo. Alikuwa hana haraka. Angetazama, angetazama, halafu ghafla yuko pale mpira unapoangukia, na wewe hukumwona akiondoka.

Alicheza hapo mwaka wake wa kwanza chuoni, tena kwa vipande. Mwaka uliofuata Kocha Hessler alirudi kutoka kwenye mkutano wa makocha na mfumo mpya, akawa kama mtu aliyerudi na dini.

Mambo ya mfumo huo alinieleza mdogo wangu Hosea, mwenye kibanda cha kinyozi, ambaye angeacha kichwa cha mteja nusu upara ili aongelee mpira. Alizipanga chupa za mafuta ya nywele juu ya kabati lake. Zamani, akasema, wapinzani wakileta mdakaji wa ziada, sisi tunamtoa mlinzi mzito na kumwingiza mwepesi. Wakileta watu wa nguvu, tunambadilisha tena. Siku hizi wapinzani wanacheza haraka haraka, mwenye mpira akiangushwa tu, papo hapo wako tayari kuuanzisha tena, hakuna nafasi ya kubadilisha mtu. Kwa hiyo anatakiwa mtu mmoja wa kufanya yote mawili, mzito wa kutosha kumzuia mkimbiaji, mwepesi wa kutosha kumfuata mdakaji. Kila chuo kina jina lake la mtu huyo. Wengine humwita Jambazi, wengine Mzururaji. Chuo chetu walimwita Nyota.

"Dada, ni heshima kubwa," Hosea akasema. "Mfumo mzima unamzunguka yeye."

Mimi nilimkumbuka popo. Ndege walimwambia yeye ni mnyama, wanyama wakamwambia yeye ni ndege, na vita vilipokuja kila upande ukamtanguliza mbele.

Na hapo ndipo ulaji ulipoanza. Kumbe ile heshima kubwa ilikuwa ya tumbo. Alikuja nyumbani majira ya joto na makopo ya unga wa maziwa makubwa kama ndoo za rangi, na saa iliyomlilia mkononi kumwambia wakati wa kula umefika, awe na njaa asiwe nayo. Kifua cha kuku bila chumvi, cheupe kama sabuni. Mayai mabichi ndani ya uji wa unga ule, unaonuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kikiwa kimelowa. Nilikuwa nikimsikia nyuma ya nyumba, karibu na kichaka changu cha waridi, akitapika, kisha ananawa uso kwa mpira wa bustani, kisha anarudi ndani kumalizia bakuli. Nilimwambia aache. Akanijibu, kwa sauti ile yake ya chini, kwamba wanampima uzito kila asubuhi mbele ya wenzake, na anayepungukiwa huimbiwa nyimbo za dhihaka.

Ajabu ni kwamba msimu ulipofika katikati, wakamwambia amekuwa mzito mno. Sasa apungue. Akaja siku moja ya mapumziko na koti la mpira mwilini, jua la Oktoba kali, anakimbia barabara ya kanisani akitokwa jasho kama ng'ombe wa kulimia, na chakula changu akakitazama tu. Mwaka uliofuata wakataka azidi tena. Mwili wa mtoto niliyemwogesha kwenye karai ukawa unapanda na kushuka kama bei ya pamba, na ngozi ya tumboni ikapasuka mistari kama ya mwanamke aliyezaa.

Je, kazi aliifanya? Aliifanya. Lakini wapinzani nao si wajinga. Alipokuwa mzito walimrushia mpira juu ya kichwa. Alipokuwa mwepesi walimpitia kifuani. Kila mara kabla ya kuuanzisha mpira walikuwa wanamtafuta kwa macho, wapi yuko huyu wa huku na kule, kisha wanamletea lile analoliweza kidogo siku hiyo. Nyuma yangu jukwaani alikuwa akikaa mwanamume mmoja mwenye ndevu zilizojaa haradali ya soseji. Cordell akikosea, mtu huyo alimtukana matusi ambayo sitayaandika. Cordell akidaka mpira wa adui, yuleyule alinipiga piga begani kwa vidole vyenye haradali akisema, "Mwanetu huyo! Mwanetu!" Nilirudi nyumbani nikaloweka koti langu usiku kucha, na doa bado lipo.

Kilichonichukiza kuliko haradali ni jambo jingine, nami nilichelewa kuliona. Sanaa ya mchezaji wa mahali pale ni kutoonyesha. Husimama upande upande, mguu mmoja kama anakwenda mbele, mwingine kama anarudi nyuma, ili yule mrushaji wa wapinzani asijue yeye leo ni nani mpaka mpira umekwisha kuondoka. Walimfundisha hivyo kila siku, asubuhi na jioni. Akaileta tabia hiyo nyumbani. Ukimuuliza, mjukuu wangu, utakula samaki au kuku, anasema chochote. Umechoka? Kawaida tu. Renita alimpigia simu kutoka barabarani akamuuliza kama ana furaha, akasema, "Ninafanya kazi yangu, mama." Alisimama upande upande hata mbele yetu sisi, tusijue anakwenda wapi.

Katikati ya miaka hiyo aliwahi kuvunjika bega, na msimu ule haukuhesabiwa. Kwa hiyo alipofika mwaka wa mwisho, masomo yake ya udongo na mimea akawa ameyamaliza, lakini kanuni zilimruhusu kucheza mwaka mmoja zaidi, akitaka. Neno hilo, akitaka, ndilo lililotuletea taabu.

Kwetu kuna siku ya kuwaaga wanaomaliza. Ni mechi ya mwisho ya nyumbani. Kabla ya mchezo, kila anayemaliza hutoka kwenye pango, ile njia ya chini ya jukwaa inayoingia uwanjani, akiwa ameshikana mikono na watu wake, mama yake anapewa ua, jina lake linasomwa kwenye vipaza sauti, naye anatembea mpaka katikati ya uwanja. Tunaita kutembea. Aliyetembea ameaga. Harudi. Asiyetembea anabaki, na watu wanajua. Hakuna karatasi inayohitajika kwa macho ya mji huu, ni miguu tu.

Kocha Hessler alikuwa hataki Cordell atembee. Alikuwa na mpango mwingine. Mwaka ujao amtoe kwenye Unyota, ampeleke mbele kabisa, pembeni mwa yale majitu, amkimbilie mrushaji wa wapinzani. Nyuma alikwisha kucheza, katikati alikwisha kucheza, sasa ilibaki mbele tu. Na kwa kazi hiyo, ratili thelathini zaidi.

Mji mzima ukajiunga naye. Hosea akabandika ubao mbele ya kibanda chake, MWAKA MMOJA ZAIDI, kwa rangi ya timu. Kanisani, mashemasi waliompa mkono Cordell hawakuuachia upesi, walimpapasa mabega kwanza, wakiangaliana. Mmoja alisema mbele ya madhabahu kwamba Bwana hajamaliza na bega lile. Mke wake akaitikia amina. Nilijisikia kama niko buchani.

Alhamisi kabla ya siku yenyewe, kocha akaja tena kwangu. Safari hii hakula sana, alikuwa na haraka. Alileta makopo ya unga akayapanga juu ya jokofu langu bila kuuliza, akajaza tumbaku mdomoni, akaomba chupa. Nikamwambia chupa sina. Akachukua kikombe changu cha chai.

Alizungumza muda mrefu. Kwamba timu ni familia. Kwamba vijana hawajui kinachowafaa, ila wazee tunajua. Kwamba Cordell ananisikiliza mimi kuliko mtu yeyote, basi nimwambie neno moja tu. Alikuwa akisema na kutema, kusema na kutema, ndani ya kikombe chenye maua ya urujuani nilichonunuliwa na marehemu mume wangu. Cordell alikuwa amekaa palepale. Mkono wa kocha ulikuwa shingoni mwake, kidole gumba kikipanda na kushuka nyuma ya sikio.

Nikamgeukia mjukuu wangu nikamuuliza anataka nini.

"Kama kocha atakavyoona, bibi," akasema.

Kocha akapiga meza kwa furaha. Alipoondoka, nilikichukua kile kikombe kwa ncha za vidole. Nilitaka kukiosha. Nikakiangalia ndani, nikaona siwezi, hata kwa maji ya moto, nikakitupa kwenye pipa la nje na kile kitambaa nilichokishikia. Kisha nikakaa ngazini nikawaza. Ningeweza kumwambia Cordell tembea, naye angetembea. Ningemwambia baki, angebaki. Nami ningekuwa mkono mwingine tu shingoni mwake. Nikaazimia kwamba sitamwambia neno. Nitakwenda kusimama mahali wanaposimama bibi za wanaotembea, basi. Akija, amekuja.

Jumamosi nilivaa kofia yangu ya kanisani, ile ya bluu yenye wavu. Uwanja ulikuwa umejaa moshi wa nyama, watu wamepika tangu asubuhi nyuma ya magari yao, na chini pamejaa mifupa ya mbavu na makopo ya bia yaliyokanyagwa. Hosea alikuja nami akinung'unika njia nzima. Aliniuliza ninakwenda pangoni kufanya nini na mtoto anabaki. Nikamwambia ninakwenda kupunga upepo. Akasema, dada, utatuaibisha, nikamwambia atangulie basi akakae na ubao wake.

Pangoni palinuka dawa ya misuli na jasho la zamani. Familia zilikuwa zimepanga mstari kando ya ukuta, akina mama wamevaa fulana zenye majina ya watoto wao, binti mmoja wa chuo akigawa maua. Mimi nikasimama mwishoni. Binti akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia wa Cordell Tarpley. Akasita, akasema jina hilo ameambiwa halipo leo. Nikamwambia ua anaweza kubaki nalo, mimi nitasimama tu.

Wachezaji wakatoka. Wanaobaki walipita moja kwa moja kwenda kwenye benchi. Wanaotembea walikuja kwa watu wao, wengine tayari wanalia. Cordell akatokea karibu na mwisho, helmeti mkononi. Akaniona. Akasimama.

Na alisimamaje? Vilevile alivyofundishwa. Mguu mmoja umeelekea benchi, mwingine umeelekea kwangu, mabega yamekaa katikati, uso hauna kitu. Nilimwangalia nikaona hata yeye mwenyewe hajui ni mguu gani wa kweli. Nje, jukwaani, walikuwa wameanza kuimba, elfu na elfu ya watu kwa sauti moja, mwaka mmoja zaidi, mwaka mmoja zaidi. Nilidhani niliisikia sauti ya yule mwenye haradali.

Kocha Hessler akaja mbio. Shavu limevimba tumbaku, chupa mkononi. Akaupitisha mkono wake shingoni mwa Cordell, palepale pa siku zote, akamvuta kidogo upande wa benchi. Akaniona, akatabasamu, meno ya kahawia.

"Bibi Ozella, umependeza. Hebu mwambie kijana akajiunge na wenzake, watu wanamwimbia."

"Muulize yeye," nikasema.

"Nimemuuliza mara nyingi, bibi."

"Umemwambia mara nyingi. Sasa muulize, halafu unyamaze."

Akacheka. Akatema chupani, akaanza kusema kuhusu familia. Nikainua kiganja changu, kama ninavyowainulia watoto wa shule ya Jumapili, nikamwambia, kocha, umekula mezani kwangu, umetema kwenye kikombe cha mume wangu, mimi nikavumilia. Nakuomba kitu kidogo sana. Muulize, kisha funga mdomo.

Mama wa mchezaji mwingine, mwanamke mnene mwenye fulana ya njano, akasema polepole, "Muulize mtoto wa watu." Na wengine kando ya ukuta wakageuka kutazama. Kocha akaona anatazamwa. Akameza kitu, nafikiri aliimeza ile tumbaku, maana uso ulibadilika ukawa wa kijivu.

"Haya," akasema. "Cordell. Unataka nini?"

Akafungua mdomo aendelee. Nilikuwa bado nimeinua kiganja. Akaufunga.

Nje waliendelea kuimba.  Nilimwona Cordell akitazama, akitazama, kama alivyokuwa akitazama zamani alipokuwa kule nyuma kabisa ya uwanja, hana haraka. Mkono wa kocha ulikuwa bado shingoni mwake, kile kidole gumba kimeanza tena kupanda na kushuka. Binti wa maua alikuwa ameacha kugawa.

Ule mguu uliokuwa umeelekea benchi ukageuka. Sikuuona ukiondoka. Niliuona tu umekwisha kufika, viatu vyote viwili vimenielekea mimi.

"Nataka kutembea na bibi yangu," Cordell akasema. Hakupaza sauti. "Nataka kula nikiwa na njaa, na kuacha nikishiba. Na tangu siku ile mezani kwake, kocha, nilitaka uniondolee mkono wako."